Rimoti ndogo itakayookoa shingo na vidole vyako usomapo

Na MWANDISHI WETU

SAA nne za usiku. Umetoka zamu ya mchana wodini, umekula ugali wako haraka haraka, na sasa umejilaza kitandani na simu mkononi. Mtihani wa leseni umebakisha wiki sita. Una kadi 300 za kurudia kabla hujalala.

Kadi ya kwanza inauliza dalili za upungufu wa maji mwilini kwa mtoto mchanga. Unajibu moyoni, unagusa kioo, jibu linatokea. Unagusa tena, kadi ya pili inakuja. Kufikia kadi ya 80 kidole gumba kinauma. Kufikia ya 150 shingo imekaza kama kamba ya kuanikia nguo. Kufikia ya 200 vidole vitatu vimekufa ganzi na simu inakuangukia usoni.

Kama mambo haya unayajua, msomaji mpendwa, makala haya ni yako. Si lazima uwe mwanafunzi wa uuguzi. Huenda unajifunza Kijerumani ili ukafanye kazi ng'ambo, unajiandaa kwa mitihani ya uhasibu, au wewe ni mzazi unayesoma usiku mtoto akiwa begani. Shida ni moja: kichwa kinataka kuendelea, mwili umekataa.

Wengi huchagua mojawapo ya njia mbili. Kuna wanaoacha kusoma wakisema ubongo wao ni mzito, ilhali kilichochoka ni mkono. Na kuna wanaojikaza kisabuni mpaka maumivu yanakuwa ugonjwa.

Kuna njia ya tatu, nayo ni rahisi. Iweke simu mahali pake, shika rimoti ndogo kiganjani, kisha simama, nyoosha mgongo na utembee chumbani huku ukiendelea kusoma. Leo tutaeleza jinsi ya kuitayarisha rimoti hiyo, na jinsi ya kuitumia bila kujidanganya.

KADI HIZI NI ZIPI?

Wengi wetu tulizijua kadi za maswali tukiwa shule ya msingi. Ulikata karatasi ngumu, ukaandika swali upande mmoja na jibu upande wa pili. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na programu za simu na kompyuta. Inayojulikana sana miongoni mwa wanafunzi wa udaktari na uuguzi huitwa Anki, neno la Kijapani lenye maana ya kukariri. Ilianzishwa na Damien Elmes mwaka wa 2006.

Nguvu yake haiko katika kadi zenyewe bali katika ratiba. Kadi unayoijua hurudi baada ya siku kadhaa, halafu wiki, halafu miezi. Ile inayokushinda hurudi dakika chache baadaye.

Wazo hili si geni. Mwaka wa 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aliona kwamba mtu husahau kwa kasi sana katika saa za mwanzo, kisha kasi hiyo hupungua. Mwaka wa 1972 Sebastian Leitner alieleza katika kitabu chake njia ya kutumia sanduku lenye vyumba: kadi uliyoijua husonga mbele, uliyokosa hurudi chumba cha kwanza.

Mwaka wa 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walilinganisha wanafunzi waliosoma habari fulani mara kwa mara na wale waliosoma kisha wakajipima. Baada ya dakika tano, waliosoma tu walikumbuka zaidi. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokuwa mbele.

Kwa hivyo kujiuliza na kujibu kunafaa kuliko kupitisha macho juu ya daftari. Lakini kuna gharama ambayo watu hawaihesabu. Kila kadi inataka kuguswa angalau mara mbili: mara moja kuonyesha jibu, mara ya pili kujipa alama. Kadi 300 ni miguso 600 kwa usiku mmoja. Kwa wiki ni miguso 4,200, mingi yake ikifanywa na kidole kimoja gumba.

MWILI UNASEMA NINI?

Tuanze na mkono. Kidole gumba huvutwa na kano, yaani kamba ngumu zinazounganisha misuli na mifupa. Kano mbili kati ya hizo hupita ndani ya ala nyembamba upande wa gumba wa kifundo cha mkono. Zikisuguana mno, ala huvimba na kila unapoinua kitu unahisi kama umechomwa mwiba. Madaktari huuita ugonjwa huu kwa jina la de Quervain, na akina mama wenye watoto wachanga huupata sana kwa sababu ya kumbeba na kumwinua mtoto mara nyingi kwa siku.

Shida nyingine hutokea katikati ya kifundo. Hapo kuna njia finyu ambamo hupita neva moja kubwa pamoja na kano tisa za vidole. Njia hiyo ikibanwa, kwa mfano kifundo kikikaa kimepindwa kwa muda mrefu, unapata ganzi na mchomo kwenye kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kile cha pete. Kidole kidogo huachwa salama. Mara nyingi hali huwa mbaya zaidi usiku, hata mtu huamka akiukung'uta mkono kama anayefukuza nzi.

Halafu kuna shingo. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne na nusu hadi tano hivi. Kikikaa wima juu ya mabega, shingo hukibeba bila malalamiko. Ukikiinamisha, mzigo unaongezeka. Daktari Kenneth Hansraj wa New York alikadiria mwaka wa 2014, kwa hesabu za kompyuta, kwamba kichwa kilichoinama kwa nyuzi 60 huitwisha shingo mzigo wa kilo 27 hivi. Hayo ni makadirio ya hesabu wala si kipimo kilichochukuliwa kwa watu, lakini yeyote aliyeinamia simu kwa saa mbili hahitaji mizani kumweleza.

Macho nayo hayasalimiki. Mtu anapokodolea kioo hupepesa kope mara chache kuliko kawaida, na macho hukauka na kuwasha.

Zaidi ya hayo, kuna kukaa kwenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2020, linawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na wapunguze muda wa kuketi. Mwanafunzi anayekaa darasani mchana na kulala na simu usiku atazipata wapi dakika hizo? Baadhi yake zinaweza kupatikana hapo hapo anaposoma.

CHAGUA RIMOTI YAKO

Usikimbilie kununua kitu cha bei ghali. Kuna aina tatu zinazofaa, na huenda moja iko nyumbani kwako tayari.

Ya kwanza ni rimoti ya kupigia picha, ile inayouzwa pamoja na vijiti vya selfi. Ina kitufe kimoja au viwili na huunganishwa na simu kwa bluututhi. Nyingi huiambia simu jambo moja tu: ongeza sauti. Zenye vitufe viwili mara nyingi hutuma amri ya kuongeza sauti kwa kimoja na ile ya "Enter" kwa kingine. Hii ndiyo nafuu kuliko zote, na inaweza kumtosha anayeanza.

Ya pili ni ile inayotumiwa na wahubiri na wahadhiri kubadilisha kurasa ukutani. Hutuma amri za kwenda ukurasa wa mbele na wa nyuma. Huwa na kipande cha kuchomeka kwenye kompyuta, hivyo inawafaa zaidi wanaosomea huko.

Ya tatu ni kontrola ya michezo ya video. Zipo ndogo zinazotoshea kiganjani, kama ile iitwayo 8BitDo Zero 2, ambayo wanafunzi wengi wa udaktari ng'ambo wanaipenda. Lakini hata kontrola ya PlayStation 4 ya kijana wako hapo nyumbani inaweza kufanya kazi hii. Ni kubwa kidogo, ila ina faida kwamba mikono yote miwili hugawana kazi.

Kabla ya kulipa pesa dukani, ishike rimoti na uachie mkono uning'inie kando ya paja. Je, kidole kinafika kwenye kitufe bila kifundo kupinda? Je, kitufe ni laini? Kitufe kigumu kinachohitaji nguvu kitakurudishia maumivu yale yale unayoyakimbia.

HATUA KWA HATUA

Sasa tuiunganishe. Tutatumia simu ya Android, kwa kuwa ndiyo iliyo mikononi mwa Wakenya wengi. Programu ya kadi kwa simu hizo huitwa AnkiDroid nayo hupatikana bure. Kwenye kompyuta Anki ni bure pia. Ile rasmi ya iPhone hulipiwa, nayo hukubali kontrola za michezo.

Kwanza, iwashe rimoti katika hali ya kutafutwa. Nyingi huhitaji ubonyeze kitufe chake kwa sekunde chache hadi taa imweke. Kwa kontrola ya PlayStation 4, bonyeza kitufe cha "Share" na kile cha nembo ya PS kwa pamoja mpaka taa ianze kumwekamweka. Kwa kontrola ndogo zenye hali kadhaa za kuwashwa, soma karatasi iliyomo ndani ya boksi na uchague ile ya Android au ya kibodi.

Pili, fungua mipangilio ya simu, washa bluututhi, na uliguse jina la rimoti linapojitokeza.

Tatu, ingia AnkiDroid. Fungua menyu ya pembeni, nenda kwenye mipangilio, halafu sehemu iliyoandikwa "Controls". Utaona orodha ya amri: onyesha jibu, jibu kwa alama hii au ile, tengua, rudia sauti, na nyinginezo.

Nne, gusa amri unayotaka, chagua kuongeza kitufe, kisha bonyeza kitufe cha rimoti. Programu itakitambua. Itakuuliza pia kama kifanye kazi wakati wa swali, wakati wa jibu, au nyakati zote mbili.

Hapo ndipo siri ilipo. Kitufe kimoja kinaweza kuwa na kazi mbili. Wakati wa swali kifanye kuonyesha jibu. Wakati wa jibu, kitufe hicho hicho kitoe alama ya kujua. Kitufe cha pili kiwe cha kukiri kwamba umesahau. Vitufe viwili tu, na umemaliza shughuli.

Lakini kuna alama nne, utasema. Ni kweli. Kwenye kioo zimeandikwa kwa Kiingereza: "Again", yaani nimesahau, "Hard", nimekumbuka kwa taabu, "Good", nimekumbuka, na "Easy", nimekumbuka bila jasho. Mbili zinatosha watu wengi: nimesahau na nimekumbuka. Kosa linalofanywa na wengi ni kubonyeza "nimekumbuka kwa taabu" ilhali wamesahau kabisa, kwa sababu wanaona aibu kuanza upya. Programu haina aibu wala haikucheki. Inachofanya ni kuamini ulichosema, na kadi hiyo haitarudi upesi kama ulivyohitaji.

Ukiwa na kontrola yenye vitufe vingi, ongeza amri mbili zaidi: kutengua, kwa maana utabonyeza kimakosa tu, na kurudia sauti, ikiwa unajifunza lugha. Usiongeze zaidi ya hapo mpaka vidole vizoee.

Kwenye kompyuta mambo ni mepesi. Anki huitikia kibodi: kitufe kirefu cha nafasi huonyesha jibu na pia hutoa alama ya kukumbuka, na tarakimu 1 husema umesahau. Rimoti inayoweza kujifanya kibodi inahitaji tu kupangiwa vitufe hivyo. Kwa kontrola za michezo kuna programu-jalizi ya bure iitwayo Contanki inayofanya kazi ndani ya Anki yenyewe.

IKIKATAA

Usiitupe. Rimoti nyingi ndogo hulala zenyewe baada ya dakika chache bila kutumiwa. Bonyeza mara moja, subiri kidogo, zitaamka.

Ukiona kibodi ya kuandikia ujumbe imetoweka kwenye kioo, usishtuke. Simu inadhani rimoti yako ni kibodi halisi. Ingia kwenye mipangilio ya kibodi na uruhusu ile ya kioo ionekane hata kukiwa na nyingine, au uizime rimoti unapotaka kuandika.

WEKA MWILI SAWA

Kununua rimoti kisha ukaendelea kulala umejikunja ni sawa na kununua mwavuli na kutembea nao ukiwa umefungwa. Fuata mambo haya.

Isimamishe simu juu ya rafu, kabati au rundo la vitabu, sehemu ya juu ya kioo ikaribiane na usawa wa macho. Isiwe karibu kuliko urefu wa mkono. Kuza maandishi mpaka uyasome bila kusogeza shingo mbele.

Simama ukiwa umelegeza mabega. Acha mkono wenye rimoti uning'inie, kiwiko kikiwa kimenyooka au kimepinda kidogo, na kifundo kikiwa kimenyooka. Usiikabe rimoti kama mtu aliyeshika konda wa matatu aliyekataa kurudisha chenji. Ishike kwa wepesi.

Badilisha mikono kila baada ya kadi 50. Mwanzoni mkono wa kushoto utakuwa mzito, ila siku chache zitatosha kuufundisha.

Tembea hatua chache huku na huku kati ya swali na jibu. Kama chumba ni kidogo, piga hatua papo hapo, au inua visigino na kuvishusha taratibu.

Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita sita hivi kwa sekunde 20. Kama una dirisha, tazama taa ya jirani ng'ambo ya barabara. Pepesa kope mara kadhaa.

Gawanya kadi zako. Mia moja alfajiri, mia moja mchana, mia moja jioni ni bora kuliko 300 za usiku wa manane. Na usiibe usingizi ili umalize kadi. Usingizi ndio wakati ambapo ubongo huyapanga na kuyaimarisha uliyojifunza mchana. Anayekesha ili akumbuke ni kama mtu anayechota maji kwa pakacha.

KISA CHA MPWA WANGU

Sasa nikueleze jambo lililotokea nyumbani kwetu, kwa sababu rimoti hii ina hatari yake pia.

Mpwa wangu anasomea uuguzi. Nilipoona anavyojisugua kifundo kila jioni nilimtafutia rimoti ya kupigia picha, tukaiunganisha pamoja mezani. Alifurahi. Wiki ya kwanza maumivu yalipungua. Wiki ya pili alikuwa akisoma huku akipika, huku akikunja nguo, huku akizungumza na wenzake. Kadi 300 alizimaliza kabla ya taarifa ya habari ya saa moja.

"Mjomba," aliniambia kwa fahari, "siku hizi sina deni hata la kadi moja."

Baada ya muda alirudi kutoka wodini akiwa amenyamaza. Nilimwachia nafasi, nikamwekea chai. Mwishowe akasema.

Mwalimu wao alikuwa amesimama kando ya kitanda cha mama mjamzito aliyekuwa akipewa magnesiamu salfeti ili kuzuia kifafa cha uzazi. Alimgeukia mpwa wangu na kumuuliza: dawa hii ikizidi mwilini utajuaje, na utampa nini?

"Kadi hiyo ninayo, Mjomba," alisema. "Nimeibonyeza 'nimekumbuka' sijui mara ngapi. Lakini pale kitandani sikuwa na neno hata moja."

Jibu, msomaji, ni kwamba goti likigongwa halirushi tena mguu, na pumzi za mgonjwa hupungua. Dawa husimamishwa na mgonjwa hupewa kalsiamu glukonati kwenye mshipa. Mwenzake alijibu. Mgonjwa hakuwa na tatizo lolote siku hiyo, wala hakujua kilichompata mwanafunzi aliyesimama miguuni pake. Lakini mpwa wangu alijiuliza swali ambalo lilimkosesha usingizi: na kama ningekuwa peke yangu usiku?

Tulikaa tukatafuta kosa. Rimoti haikuwa na makosa. Zamani, alipogusa kioo, ilimbidi asimame na kutazama. Sasa kidole kilikuwa kimejifunza kubonyeza kabla kichwa hakijafikiri. Swali linakuja, bonyeza. Jibu linakuja, "ala, naijua hiyo", bonyeza. Kulitambua jibu unapoliona si sawa na kulitoa kichwani lisipokuwepo.

"Basi mama, tuweke sheria," nilimwambia.

Tuliweka moja tu: hakuna kubonyeza kabla ya kutamka jibu kwa sauti. Si moyoni, kwa mdomo, hata kama ni kwa kunong'ona. Mdomo ukinyamaza, kitufe ni kile cha kusahau. Na kama anakaanga vitunguu, basi rimoti ikae mfukoni mpaka atakapomaliza.

Siku ya kwanza ya sheria hiyo alimaliza kadi 90 pekee, na zaidi ya nusu alizikosa. Alitaka kulia. Lakini hiyo ilikuwa hesabu ya kweli, na ile ya nyuma ilikuwa ya uongo. Leo haendi kwa kasi ile ya zamani. Kifundo hakimuumi, na ukimuuliza kuhusu magnesiamu salfeti atakujibu kabla hujamaliza swali.

HADHARI

Usitumie rimoti hii ukiendesha gari, ukiwa juu ya bodaboda, wala ukivuka barabara. Mikono inaweza kuwa huru lakini akili haiko huru. Ukisikiliza kadi kwa sauti unapotembea nje, acha sikio moja wazi.

Jikoni, kando ya jiko la mkaa au mafuta yanayochemka, soma baadaye.

Wazazi wasikilize hapa kwa makini. Rimoti nyingi za kupigia picha hutumia betri bapa, duara kama sarafu. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni inaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa mbili tu, hata kama betri yenyewe imeisha nguvu ya kuwasha rimoti. Hakikisha kifuniko kimefungwa barabara, na betri zilizotumika usiziache juu ya meza. Ukishuku mtoto amemeza, au ameisukuma puani au sikioni, usingoje dalili na usimtapishe. Mkimbize hospitali wakati huo huo.

MWONE DAKTARI LINI?

Rimoti ni kinga, si dawa. Kama ganzi inakuamsha usiku, kama unaangusha vikombe, kama nyama ya chini ya kidole gumba inaonekana kunywea, au kama maumivu yameendelea kwa wiki mbili licha ya kupumzika, nenda ukaonwe. Magonjwa haya yakishikwa mapema mara nyingi hutulizwa kwa kupumzisha mkono, kuufunga kwenye gango laini usiku, na mazoezi. Yakiachwa, neva inaweza kudhurika na upasuaji ukahitajika.

Maumivu ya shingo yanayoshuka mkononi pamoja na udhaifu, au yanayoambatana na miguu kukosa nguvu, au kushindwa kuzuia mkojo, hayo si ya kungojea kesho.

Na ikiwa wewe ni mlemavu wa mkono, au umepata kiharusi na unajifunza upya majina ya vitu, rimoti yenye kitufe kimoja kikubwa inaweza kuwa mlango uliodhani umefungwa. Mwulize mtaalamu wa tiba ya kazi hospitalini akusaidie kupata mahali pa kuiweka: chini ya kiganja, kando ya goti, hata chini ya mguu.

Usiku wa leo, basi, usilale na simu kifuani. Isimamishe kwenye rafu. Simama. Anza na kadi 20 tu, na rimoti mkononi. Swali likija, tamka jibu kwanza. Ndipo ubonyeze.